Ndevu za Chui Ndani ya Kasiksi

Alhamisi asubuhi, wagonjwa wakiwa bado wanapanga mstari, wanaume watano waliingia katika ua wa dispensari na kibuyu kilichofungwa kwa jani la mgomba. Mbele alikuwa Papa Floribert, mwamuzi wa baraza la chifu, viatu vyake vimejaa tope. Nyuma yake alikuja Benoît, mwindaji mwenye mabega mapana, kichwa kimenyolewa kwa msiba wa mdogo wake. Wagonjwa walisogea pembeni bila kuambiwa.

Evode Sebahire aliweka sindano chini. Alikuwa mwuguzi wa miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Ngungu, kule juu milimani Masisi, na mwaka huo wa 1954 ulikuwa wa nne kwake katika misitu ya Walikale. Kila siku aliinama juu ya mikroskopi akitafuta malaria na malale katika damu ya watu. Walimheshimu kwa kazi hiyo, ingawa hawakusahau kwamba yeye si wa kwao.

"Muganga," Papa Floribert alisema, "mudogo wa Benoît, Gustave, alikufa Jumamosi. Unajua."

"Nilisikia, Papa."

"Béata, bibi aliyemuoa, tulimufunga mu ghala ya baraza. Yeye njo alipika kasiksi. Gustave alikunywa, tumbo ikavimba, akatapika siku mbili, akakufa. Sasa angalia kitu tuliona chini ya kibuyu."

Benoît alifungua jani, akamimina machicha ya pombe ya ndizi katika bakuli la bati. Ndani ya machicha mlikuwa na vitu vyembamba, vigumu, vyeupe vyenye umanjano, vimekatika vipande vifupi vyenye ncha.

"Ndevu za chui," Benoît alisema. "Zilikatwa na kisu. Zikiingia mu tumbo zinatoboa polepole, hakuna dawa. Miye ninawinda tangu utoto. Ndevu za chui ninazijua."

Waliosimama karibu walirudi nyuma hatua moja.

"Ukoo unataka mwanamuke anyweshwe maji ya kiapo, ile ya sumu; akikufa, iko na kosa," Papa Floribert aliendelea kwa sauti ya chini. "Serikali ilikataza. Nilituma muntu kwa muzungu wa teritwari, mutawala wetu, lakini daraja ilivunjika, jibu haitafika mbele ya kesho kutwa. Hawa hawatangoja. Nikawaambia, kwa Muganga kuko mashine ya kuonea vitu vidogo. Iseme kama ni ndevu ao si ndevu. Lakini iseme leo. Pale kwenye ghala iko polisi mumoja tu."

Evode aliangalia bakuli ili asimwangalie Benoît usoni. 

Gustave alikuwa amekuja kwake. Ilikuwa Jumanne ya wiki iliyopita, mstari mrefu, mvua inanyesha. Alishusha suruali kidogo akaonyesha uvimbe kwenye kinena, mkubwa kama yai la bata. Ngiri. Evode aliubonyeza, ukarudi ndani nusu, nusu ukabaki. Alipaswa kuandika barua na kumpeleka hospitali siku ile ile, hata kwa machela. Badala yake alimpa vidonge vya maumivu akamwambia: "Rudi Jumatatu, Dokta atapita hapa." Jumamosi Gustave alikufa. Dokta alipita Jumatatu, akauliza kama kuna jambo, na Evode akajibu hakuna. Kisha Dokta akaondoka kwenda upande wa pili wa mto, kwa siku kumi.

Tumbo kuvimba na kutapika siku mbili: Evode hakuhitaji mikroskopi kujua maana yake. Utumbo ulikuwa umenaswa katika ngiri ukaoza.

"Leteni hapa," alisema.

Aliingia ndani ya chumba chake kidogo, akachukua kipande kimoja kwa koleo, akakiosha, akakiweka juu ya kioo na tone la maji. Aligeuza kioo cha chini hadi mwanga wa dirisha ukapanda. Alitarajia kuona kuta za seli mara moja, zile kuta nene zinazotenganisha mmea na mnyama, kama alivyofundishwa shuleni. Hakuziona. Kipande kilikuwa kinene mno, mwanga haukupita. Katikati palikuwa na giza tupu, na pembeni, kwenye ukingo, kulikuwa na meno madogo yaliyoelekea upande mmoja. Unywele wa mnyama, ukiutazama hivyo, nao una magamba yanayoelekea upande mmoja.

"Umeona nini?" Benoît alikuwa mlangoni.

"Bado sijaona."

"Umekaa sana kwa mutu asiyeona." Benoît aliingia hatua moja. "Sikiliza, Muganga. Wewe na ule mwanamuke munatoka mulima moja. Yeye wa Muheto, wewe wa Ngungu. Papa Floribert anaamini mashine yako. Miye ninaangalia mikono yako."

"Nataka kumuuliza mwanamke namna alivyopika."

"Twende wote. Na museme Kiswahili."

Ghala la baraza lilinuka mafuta ya mawese. Béata alikaa juu ya gunia tupu, nguo ya kilio imechanika begani, midomo imepasuka. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu labda. Gustave alimpata miaka mitatu nyuma, alipokuwa akipandisha nyama kavu hadi soko la Bweremana, wakafunga ndoa misheni, akashuka naye msituni. Nje ya ghala mama mkwe wake, Mama Généreuse, alikuwa amekaa juu ya jiwe na mtoto wa Béata mapajani, msichana aliyeitwa Verdiane. Hakuna aliyemruhusu mtoto kuingia kunyonya, na matiti ya Béata yalikuwa yamelowesha nguo.

"Mama," Evode alisema, "kasiksi ulikamua na nini?"

"Na majani. Kwetu tunakamua ndizi na majani, tunafinya mpaka maji inatoka. Lakini huku majani ya kwetu haiko. Nilikata ile ya kando ya barabara, nyasi ndefu, iko na miiba mirefu juu, kama nyuzi. Nilichuja. Haikuchujika muzuri."

"Anasema majani!" Benoît alicheka bila furaha. "Miaka yote anapika, hatukuona kitu chini ya kibuyu."

"Nilikuwa naleta majani kutoka Muheto. Ilikwisha," Béata alisema. Kisha akamwangalia Evode, akatamka maneno machache ya Kinyarwanda, polepole: Alikuja kwako. Ulimwambia nini?

Benoît aliruka. "Amesema nini? Nilikataza! Amesema nini?"

Papa Floribert naye aligeuka. 

"Anaomba maji," Evode alisema.

 Béata alikunja miguu yake, akaangalia ukuta.

Evode alitoka ghalani akatembea haraka hadi kando ya barabara, Benoît nyuma yake. Majani yalikuwepo, marefu, yaliyokauka, na juu ya vichwa vyake nyuzi ngumu za rangi ile ile. Alikata shada. Lakini majani kufanana na vipande kwa macho hakutoshi. Ndevu nazo zilifanana. Aliporudi akamwomba Papa Floribert vitu vitatu: kitunguu kibichi, kipande cha mti wa muhogo, na ndevu za kweli za chui.

"Za kweli?" Papa Floribert alishangaa.

"Ngozi ya chui ya chifu iko na kichwa chake. Ndevu moja inatosha."

Chifu alikuwa mgonjwa ndani. Alitoa ruhusa baada ya kusubiriwa sana. Kufikia saa saba mchana, ua wa baraza ulijaa. Evode alileta mikroskopi katika sanduku lake la mbao, akaiweka juu ya meza ya mwamuzi, uani kabisa, kwa sababu haikuwa na taa. Kioo chake cha chini kilikunywa jua na kulirusha juu. Bila jua, mashine ile ilikuwa chuma tu. Na upande wa mashariki, juu ya miti, mawingu meusi yalikuwa yameanza kupanda.

"Fanya haraka," Papa Floribert alinong'ona. Kundi la vijana wa ukoo lilikuwa limekaa karibu mno na mlango wa ghala, na polisi mwenye fimbo moja aliangalia ardhi.

Evode alivua gamba la ndani la kitunguu, lile jembamba kama utando wa yai, akaliweka juu ya kioo na tone la maji ya iode, dawa ya vidonda ambayo kila mtu aliijua kwa rangi yake.

"Papa Benoît, njoo wa kwanza."

Benoît aliinama kwa shaka. Alifumba jicho lisilofaa, akafumbua, akatukana, akainama tena.

"Naona nyumba," alisema hatimaye. "Ukuta na ukuta. Kama matofali ya misheni."

"Kila tofali ni seli. Kila kitu kinachoota udongoni kiko hivyo: ukuta mgumu kuzunguka kila chumba. Sasa fungua kinywa."

"Nini?"

"Fungua kinywa."

Watu walicheka kidogo, kicheko cha woga. Evode alimkwangua Benoît ndani ya shavu kwa kijiti, akapaka ule ute kwenye kioo kingine, akautia tone la dawa ya buluu.  Kioo chembamba cha kufunikia kilimponyoka kikavunjika. Alichukua kingine. Kilikuwa cha mwisho katika kijisanduku.

"Hii ni wewe mwenyewe," alisema.

Benoît aliangalia muda mrefu zaidi. "Haina ukuta. Iko laini tu, imekunjikakunjika, na alama nyeusi katikati."

"Ile alama ni kiini. Kitunguu nacho kinacho, pembeni. Lakini ukuta huna. Mtu hana, mbuzi hana, chui hana."

Papa Floribert aliangalia, na wazee wawili baada yake. Jua lilififia mara moja, likarudi. Upepo ulianza kuvuta majani ya migomba.

Sasa ikaja kazi yenyewe. Evode alipasua moyo mweupe wa mti wa muhogo, akabana ndani yake kipande kimoja kutoka kwenye kibuyu ili kisiteleze, akakikata kwa wembe, wembamba kadiri alivyoweza. Cha kwanza kilikuwa kinene. Cha pili kilisagika. Nyuma yake alisikia mtu akisema, "Anachelewesha makusudi," na mwingine akisema mvua ikinyesha kesi imekwisha, watajua la kufanya. Akalowesha wembe. Kipande cha tano kilikatika kikaelea juu ya maji, karibu hakionekani. Alikisogeza kwa ncha ya sindano hadi chini ya lensi.

Vyumba. Vyumba vidogo vya mviringo, vimebanana, kila kimoja na ukuta wake mnene wa manjano, na mianya miwili ambamo maji ya mmea yalikuwa yakipita. Evode alifumba macho kwa nukta moja, kisha akakata unyuzi wa majani ya barabarani, akauweka upande wa pili wa kioo kile kile. Vilikuwa sawasawa. Mwisho akakata ndevu ya chui. Humo hamkuwa na vyumba. Mlikuwa na kitu kimoja kigumu kilichojaa, kama pembe.

Benoît aliangalia vyote vitatu. Alirudia cha kwanza. Alirudia cha tatu. 

"Chagua vipande wewe mwenyewe," Evode alimwambia. "Kutoka kwenye bakuli. Vyovyote."

Benoît alichagua vinne kwa vidole vyake vinene. Kimoja, ukuta. Cha pili, ukuta. Cha tatu, ukuta. Cha nne kilikuwa chembamba zaidi, na Evode alikiweka chini ya lensi bila kukikata. Mwanga ulipita vizuri. Kulikuwa na mstari mweusi katikati na magamba madogo pembeni. Ulikuwa unywele wa mnyama.

Hakuna aliyejua ila yeye. Angeweza kuuondoa kioo, kusema majani, na mvua ingemaliza mengine. Aliinua kichwa. Benoît alikuwa akiangalia mikono yake, kama alivyoahidi.

"Huu ni wa mnyama," Evode alisema.

Ua mzima ulipiga kelele. Kijana mmoja alifika mlangoni mwa ghala akaushika ubao wa mlango. Polisi alimsukuma, akasukumwa. Mama Généreuse alisimama na mtoto mgongoni. Papa Floribert alipiga meza kwa kiganja hadi mikroskopi ikaruka.

"Kimya! Muganga amalize!"

"Ni wa mnyama," Evode alirudia, "lakini si ndevu. Angalieni unene. Ndevu ya chui ni mara kumi ya huu, na ndani imejaa. Huu una njia nyeusi katikati. Sijui ni wa mnyama gani. Mbuzi, panya, mbwa. Sitadanganya kwamba najua."

"Mbwa wa Gustave alilala pale kwenye kibuyu," Mama Généreuse alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia siku ile. "Kila siku. Nilimufukuza, anarudi."

Waliuleta unywele wa mbwa. Wingu lilikuwa limefika nusu ya anga, na mwanga ndani ya mikroskopi ukawa wa kijivu, lakini Benoît aliona, na Papa Floribert aliona: mstari ule ule mweusi, magamba yale yale.

Papa Floribert alijinyoosha. "Baraza limeona. Mu kibuyu hamuna ndevu za chui."

Evode alidhani itakuwa hivyo basi. Lakini hakuna aliyeondoka. Benoît alisimama mbele ya meza na mikono imening'inia, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshindwa kesi. Ulikuwa uso wa mtu aliyenyang'anywa jibu.

"Basi ndugu yangu alikufa na nini?" aliuliza. "Alikuwa na nguvu. Alibeba nguruwe ya pori peke yake. Mashine inasema si ndevu. Haikusema mwanamuke hakufanya kitu. Sumu iko nyingi."

"Ni kweli," mzee mmoja alisema. "Muntu hakufe bure."

 Evode alimwona Papa Floribert akipima ua kwa macho: vijana, mlango, polisi. Matone ya kwanza yalianguka juu ya meza. Mwamuzi alifungua kinywa, na Evode akajua atasema ngoja tutafikiri, na kwamba maneno hayo yangetosha kumuua Béata.

"Alikuja kwangu," Evode alisema.

Benoît aligeuka polepole.

"Gustave. Jumanne, siku nne mbele ya kufa. Alikuwa na ngiri hapa kinenani. Mama Généreuse, hukuiona?"

"Niliiona," mama alijibu. "Ilikuwako tangu kilimo ya mahindi."

"Ngiri ikinasa utumbo, tumbo linavimba, mtu anatapika mpaka anakufa. Inaua kwa siku mbili, tatu. Dokta anaweza kuikata. Mimi nilijua. Nilimwambia arudi Jumatatu kwa sababu mstari ulikuwa mrefu. Na kule ghalani nilisema uongo. Mwanamke hakuomba maji. Aliniuliza nilimwambia nini mume wake."

Mvua ilishuka yote kwa pamoja. Watu wengine walikimbilia barazani, wengine walibaki. Benoît alimshika Evode kifuani kwa nguo, akamvuta hadi nyuso zao zikakaribiana, na maji yakawa yanatiririka kati yao.

"Ungemutuma, angepona?"

"Labda."

"Labda njo nini? Sema ndiyo ao hapana!"

"Sijui, Papa. Angekuwa na nafasi ya kupona zaidi ya ile niliyompa. Sijui."

Benoît alimwachia ghafla, Evode akaanguka juu ya meza, na sanduku la vioo likamwagika matopeni. Benoît hakumpiga. Alitembea hadi ghalani, vijana wakampisha, akauondoa ubao wa mlango kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akaketi chini kwenye mvua, mtu mzima, akalia kwa sauti ambayo hakuwa ameitoa siku ya maziko.

Mama Généreuse aliingia ndani na mtoto.

Dokta aliporudi, Evode alimweleza yote kabla hajaambiwa na wengine. Dokta alisikiliza amesimama, akamtoa katika kazi ya mikroskopi, akaandika apelekwe Masisi kufanya kazi ya kufunga vidonda katika kambi ya vibarua wa barabara. Alisema angeweza kumwadhibu zaidi ya hapo. Evode hakubisha.

Ukoo ulikaa vikao viwili juu ya mtoto. Verdiane alikuwa wa ukoo wa baba yake, hilo halikuwa na ubishi, lakini Mama Généreuse alisema bado ananyonya, aende Muheto na mama yake mpaka akue, na wanaume wakachoka kubishana naye. Benoît hakwenda kwenye kikao cha pili.

Kwa kuwa malori ya kupanda milimani yalikuwa machache, Evode na Béata walijikuta juu ya lori moja la mbao, siku ya pili baada ya mvua kukatika. Alimsalimia. Béata aliitikia kwa kichwa, akaenda kukaa upande wa pili, mtoto amemfunga kifuani. Walisafiri nusu siku. Mahali ambapo msitu unaanza kupungua, magurudumu yalizama topeni na dereva akaita watu washuke.

Wakasimama kando ya barabara, hatua mbili baina yao.

"Mle ghalani sikulala siku tano," Béata alisema bila kumwangalia, kwa lugha yao. "Kila hatua niliyosikia nje nilidhani ndio wanakuja. Ulisema ukweli mwishoni, nami niko hai. Lakini ulimpa vidonge. Alivileta nyumbani amefurahi. Alisema, mganga wa kwenu amenipokea vizuri."

Evode aligeuka akamtazama. 

"Nisamehe," alisema.

Béata alimhamisha mtoto begani. "Mimi ndiye nitakayemweleza huyu baba yake alikufaje," alisema. "Niache nifike nyumbani kwanza."

Dereva alikuwa akipiga kelele, anahitaji mikono nyuma. Evode alivua koti, akaliweka juu ya mbao, akaenda kusukuma pamoja na wengine.